Ligi ya chesi ya makampuni inavyoendeshwa (na kwa nini msiidharau bodi ya nne)

Mkuu umeuliza ligi ya chesi ya makampuni inaendaje, maana bosi kasema mpeleke timu na mko watatu tu mnaojua kucheza. Nimekuwa kapteni wa timu ya kazini misimu kadhaa, baadae nikawa napanga ratiba ya ligi yenyewe, so ngoja nieleze nilivyoiona kwa ndani. Nitakaa sana kwenye bodi za chini (bodi ni meza ya wachezaji wawili, ya 1 anakaa mkali wenu, ya mwisho aliye dhaifu zaidi) maana watu wanahangaika na staa wao wa bodi ya kwanza wakati mechi zinaamuliwa kule mwisho.

Kila mechi ni wanne kwa wanne (kuna ligi wanacheza sita), wote kwa wakati mmoja, bodi ya 1 yenu na bodi ya 1 ya wenzenu, hivyo hivyo mpaka chini. Rangi zinapishana: timu moja nyeupe bodi ya 1 na ya 3, nyingine nyeupe bodi ya 2 na ya 4. Ukishinda unailetea timu pointi 1, sare nusu, mnajumlisha, wenye 2.5 kwenda juu wameshinda mechi na wanapata pointi 2 kwenye msimamo, ikiwa 2 kwa 2 kila timu 1. Kwenye msimamo kushinda 4 kwa 0 na kushinda 2.5 kwa 1.5 ni sawa, zile pointi za bodi zinaangaliwa timu zikilingana tu. Hata Olimpiadi ya chesi ya FIDE (shirikisho la chesi duniani) inahesabu hivi tangu 2008, zamani walikuwa wanajumlisha pointi za bodi.

Sasa pima mwenyewe. Staa wenu awe mkali vipi, pointi yake ni 1, haizidi. Yule wa uhasibu aliyejifunza juzi akishinda bodi ya 4 pointi yake ina uzito ule ule, na huku chini sare ni chache sana, mtu anaacha malkia bure na gemu inageuka. Timu zilizokuwa zinatusumbua kweli hazikuwa zenye bingwa mmoja, zilikuwa zile zenye bodi ya 3 na ya 4 zisizopoteza kete kizembe.

Ndo maana ugomvi mkubwa wa ligi ni mpangilio wa bodi. Kuna kapteni anamtoa kafara mchezaji dhaifu bodi ya 1 ili wakali wake washuke wakale wanyonge. Ligi inayojiheshimu inazuia: kabla ya msimu kila timu inaleta majina yamepangwa kwa ubora na mpangilio haubadiliki hovyo. Kwa wenye reiting ya Elo (namba inayopima ubora wa mchezaji), mtu akimzidi mwenzake 200 anategemewa kuvuna kama pointi 3 kwenye kila gemu 4, kwa hiyo mkiruhusu wapinduane kwa tofauti kama hiyo mechi imeshaharibika kabla haijaanza. Na mtu asipofika, wa chini yake wanapanda, nafasi tupu inabaki bodi ya mwisho, hiyo ndo inaliwa pointi ya mezani. Hii sheria nilikuwa naing'ang'ania sana maana bila hiyo kapteni anaacha tupu bodi anayokaa mkali wa wenzake halafu anasema jamaa kapata dharura.

Mamluki nao. Mchezaji awe mfanyakazi kweli, kitambulisho cha kazi kinatosha, na majina yafungwe kabla ya raundi ya kwanza. Kampuni ndogo kama yenu kuna ligi zinaruhusu muungane na kampuni nyingine ndogo, ila mtangaze mapema, sio katikati ya msimu mkishaona mnashuka daraja. Kaulizeni hilo kwanza, na mkiruhusiwa tafuteni wawili maana wa akiba ni lazima, kazi ni kazi, kuna siku mtu anabanwa ofisini.

Ratiba ni rahisi. Timu 8 kila mmoja akutane na kila mmoja ni raundi 7, mkienda na kurudi 14, timu zikiwa witiri kuna mmoja anapumzika kila raundi. Zikizidi sana mnagawa madaraja au mnatumia mfumo wa Uswisi, wenye pointi zinazokaribiana wanakutanishwa.

Muda: mechi ni baada ya kazi na watu wamechoka. Dakika 25 kila mtu na sekunde 10 za nyongeza kwa kila hatua inatosha, kwa kawaida ndani ya saa moja na robo hivi mmemaliza. Zile sekunde 10 msikubali zitolewe, bila hizo mtu mwenye ngome (kete kubwa inayokwenda mstari ulionyooka) ya ziada anapoteza kwa kuishiwa muda tu na kelele zinaanza.

Kitu kingine ni kapteni kuongea na wachezaji. Mtu wako akipewa ofa ya sare anaruhusiwa kukuuliza akubali au la, na wewe unajibu kwa hali ya mechi tu, "kubali" au "endelea", basi. Kumwambia chochote kuhusu kete zilizopo mezani ni marufuku, hata kukunja uso. Simu zote zizimwe zikae mbali, hapo pasiwe na urafiki kabisa.

Kwa huyo wa bodi ya 4, wiki za mwanzo msimpe vitabu vya ufunguzi. Acheze gemu nyingi na saa, azoee kubonyeza kwa mkono ule ule aliosogezea kete, ajue kushika kete ni kuicheza. Ajue kummaliza mfalme wa mpinzani aliyebaki peke yake kwa kutumia mfalme na ngome bila kuhangaika. Na mpinzani akifanya hatua haramu, asimamishe saa amwite mwamuzi kabla hajasogeza chochote, chini ya sheria za FIDE anaongezewa dakika 2 na mpinzani akirudia mara ya pili anapoteza gemu. Wachezaji wapya wengi wanaona aibu kuita mwamuzi wanaendelea tu, pointi inapotea hivyo hivyo wakati ilikuwa ya kwao.