Kesi ya kiwanja: wakili wa milioni mbili na nusu au "mwanasheria" wa laki tatu?

SWALI: Nilinunua kiwanja Morogoro mwaka 2021 kwa shilingi milioni 14. Sasa kuna mtu kaweka msingi, anadai kauziwa na muuzaji yuleyule. Wakili anataka milioni 2.5. Mwanasheria mmoja jirani na baraza la ardhi anataka laki tatu, na anasema ushindi ni uhakika kwa kuwa anafahamiana na watu wa ndani. Bajeti yangu haifiki milioni moja. Nimchukue nani?

JIBU: Huyo wa laki tatu mwache. Hata kama ana shahada ya sheria, asipokuwa wakili aliyeandikishwa na mwenye leseni hai haruhusiwi kukuandalia nyaraka za kesi kwa malipo. Ingiza jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, uone kama yumo na kama leseni yake ni ya mwaka huu. Akikwepa kuweka jina na anwani yake chini ya nyaraka alizoandaa, akitaka isomeke kwamba umeziandika mwenyewe, basi ni kishoka, yaani mtu anayefanya kazi ya wakili bila kuwa wakili.

Watu bado wanaamini kishoka ni wakili wa bei nafuu, na imani hiyo inawapotezea viwanja. Tazama kesi yako. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, baraza la kata haliamui tena migogoro ya ardhi, linasuluhisha tu ndani ya siku 30. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambako shauri la thamani hii linakwenda, linataka cheti cha kata kuonyesha kuwa usuluhishi umeshindikana. Kishoka anaruka hatua hiyo. Kisha anamshtaki aliyejenga peke yake, kwa sababu ndiye anayeonekana, na kumwacha muuzaji, wakati tangu kesi ya Juma B. Kadala dhidi ya Laurent Mnkande ya 1983 inafahamika kwamba muuzaji na huyo mnunuzi mwingine wote lazima waunganishwe kwenye shauri. Anaandika "kiwanja kilichopo Morogoro" bila namba na kitalu, au, kama hakijapimwa, bila ukubwa na mipaka ya pande zote. Wala haombi zuio la muda, yaani amri ya kusimamisha ujenzi wakati kesi inaendelea. Shauri linaondolewa, unaanza upya, na mwenzako kafika kwenye linta.

Kuhusu bajeti: si lazima ununue kesi nzima. Mbele ya baraza la wilaya unaruhusiwa kusimama mwenyewe. Mlipe wakili asome mkataba wako na ushahidi wa malipo, aandae shauri na maombi ya zuio, kisha akuelekeze mashahidi wa kuita. Ukitaka asimame yeye, omba kulipa kwa hatua. Yaandikwe: ada inaishia kwenye hukumu au inafika hadi kukazia hukumu, yaani kuitekeleza? Ada ya kufungua shauri na nauli ni juu ya nani? Rufaa kwenda Mahakama Kuu, yenye ukomo wa siku 45, imo au haimo? Dai risiti. Muulize pia udhaifu wa kesi yako uko wapi. Asiyeona hata mmoja hajasoma nyaraka zako. Kipato kisiporuhusu kabisa, nenda TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) au Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Msaada wa kisheria chini ya sheria ya 2017 hautozwi.

Sasa hili ni kwa wasomaji wote. Anayekuomba "hela ya mwenyekiti" au "hela ya hakimu" anakuingiza kwenye kosa la rushwa, na mtoaji naye anashtakiwa. Vishoka wengine, wakijua hawawezi kusimama kama mawakili, wanakusainisha hati ya kumpa mtu mamlaka ili waonekane wawakilishi wako. Soma mamlaka yaliyomo humo: mara nyingi kuna ya kupatana na mdaiwa, hata ya kuuza. Kama umeshasaini, ifute kwa maandishi leo, peleka nakala barazani na kwa mwenyekiti wa mtaa, na urudishiwe mkataba wako halisi. Mtu wa namna hiyo hapaswi kushika zaidi ya nakala.