Oti si chakula cha matajiri, ni sisi tunanunua vibaya

Juzi dada mmoja wa Changamwe kanitumia ujumbe mrefu, kwa ufupi anasema wewe kila siku watuhubiria oti (hizi oats za kupikia uji), sisi huku twapanda matatu mbili kufika kazini, hivyo vibakuli vya kwenye simu vina matunda hata majina hatuyajui, tutavitoa wapi? Nikacheka, kisha nikaona ana haki. Picha zile ndo zinaharibu. Mtu anaona bakuli la glasi, mbegu za chia, matunda ya kuletwa na ndege, anasema hii si yangu mie, anarudi zake kwa mahamri. Na kwangu hakuna hata kimoja katika hivyo na oti nakula kila siku ya kazi.

Mie nilikuwa mtu wa mahamri na mbaazi za nazi, tena za kununua hapo steji, na chai ya maziwa yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Tamu, sikatai. Lakini ikifika saa nne tumbo lishaanza kuniita, natoka natafuta viazi karai na bajia, yaani kifungua kinywa nakilipia mara mbili. Halafu nikaenda kupimwa, nikaambiwa kolesteroli iko juu na sukari inakaribia mpaka. Kwetu sukari tunaijua, imetuondolea watu. Nikatoka pale moja kwa moja hadi dukani kununua oti.

Sasa hapo nyumbani ndo kasheshe. Wifi yangu, Mungu amhifadhi, alikuja siku moja akafunua sufuria akauliza mbele ya wageni kama napika gundi ya kubandikia mabango ya siasa. Watu wakacheka, mume wangu naye akacheka, na hiyo ya mume ndo iliyoniuma. Baada ya hapo nikaskia inazungushwa mtaani ati namnyima kaka yake chakula. Haya. Vipimo vya mwisho vimeshuka, nguo za zamani zimenikaa, na wifi huyo huyo kaniuliza harusini natumia dawa gani. Sijamjibu bado na sina haraka.

Aliyeniokoa ni mavyaa, mama yake mume wangu. Alionja kidogo kwa ncha ya kijiko akasema, "Mwanangu, hii si ndo ile ya shurba? Mbona umeitoa nyama ukaitia sukari?" Na kweli! Kila Ramadhani tunaichemsha na nyama, thomu na pilipili manga, nyumba nzima inanukia, hakuna anayesema ni ya wazungu. Ikifika asubuhi ndo tunajifanya hatuijui.

Basi dada wa Changamwe, kwanza bei. Usiangalie bei ya pakiti, angalia bakuli. Mtu mzima anatosheka na gramu 40, kama nusu kikombe hivi, kwa hivyo pakiti ya gramu 500 inakupa mabakuli 12. Gawanya bei kwa 12 halafu linganisha na unachoacha hapo steji kila asubuhi. Na usinunue vile vipakiti vidogo vya ladha ya stroberi, vingi ni sukari na bei ya boksi lake. Nunua oti zile bapa, tupu, ukipata za kupima kwa kilo kwenye maduka ya nafaka ni sawa tu bora ziwe kavu na hazina wadudu. Zile za kuiva kwa dakika moja zimesagwa sana, zinapandisha sukari haraka kuliko zile bapa.

Kupika: nusu kikombe cha oti, kikombe kimoja cha maji, chumvi chembe, iliki mbili umezitwanga, kijiti cha mdalasini. Anza na maji baridi, moto mdogo, koroga. Dakika kama tano inatosha. Ikianza kutoa povu usiende kujibu simu, itamwagika yote kwenye jiko, na oti ikigandia jikoni utaisugua mpaka kesho. Ukishaepua ndo unatia tui. Na hapa naomba tuelewane, tui la pili, lile jepesi. Tui zito lina mafuta mengi, ukilitia kila siku utakuwa unashusha kolesteroli kwa mkono huu unaipandisha kwa ule. Wengine watatia maziwa, ni sawa.

Sukari usitie. Kata tende mbili tatu ndogo ndogo uzitie ikiwa bado motoni, zitayeyuka, au ndizi mbivu ile iliyoanza madoa meusi ambayo sokoni Kongowea jioni wanakuuzia kwa bei ya kutupa. Juu nyunyizia njugu za kukaanga. Korosho siku ya mshahara.

Wale wa kulaza oti kwenye friji usiku na maziwa mala, yale ya mgando, sawa, lakini friji iwepo na stima iwepo. Kwa joto hili la Mombasa usiache bakuli la maziwa mezani mpaka asubuhi halafu useme ni oti imekuumiza tumbo.

Na kusaidia inasaidia, si maneno yangu. Kuna nyuzi ndani yake zinaitwa beta-glukani, gramu 3 kwa siku zinasaidia kushusha kolesteroli, Marekani wameruhusu iandikwe kwenye pakiti tangu 1997. Bakuli moja linakupa kama nusu ya hizo. Lakini jamani bakuli la oti asubuhi halafu soda na chipsi mchana, hapo tunadanganyana. Sisi watu wa Pwani tumezoea raha ya ulimi, mtu ana presha na bado anaomba sukari ya tano kwenye chai, ukimwambia anasema kila mtu na siku yake. Siku yako ni yako, lakini dawa tunachanga ukoo mzima! Mie mahamri sijayaacha, nayala Jumapili, nayapika mwenyewe, nayala nikiwa nimekaa.

Ile ya chumvi, ya shurba, mmeniuliza wengi. Hiyo fundi ni mavyaa, na resipe yake hajanipa ruhusa kuitoa.