Maswali ya Wasomaji: Kifaa cha GPS kwa Baiskeli ya Milimani

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Uyole, Mbeya, na kwa miaka mitatu sasa nimekuwa nikiendesha baiskeli mwisho wa juma hadi Tukuyu na kurudi. Mwezi wa nane mimi na wenzangu wanne tunakusudia kupanda kutoka Chimala hadi Matamba kwa ile barabara ya Hamsini na Saba, kisha tuendelee hadi Kitulo. Kaka yangu aliyeko Ujerumani ameahidi kuniletea kifaa cha GPS kilichokwisha kutumika, ila anataka nichague mwenyewe kati ya kidogo kisicho na ramani na kikubwa chenye ramani na kioo cha rangi. Wenzangu wanasema simu inatosha. Naomba ushauri.
Msomaji, Uyole

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya kuvilinganisha vifaa hivyo, tuitazame kwanza njia uliyoitaja, kwa kuwa ndiyo itakayokuamulia. Barabara ya Chimala kwenda Matamba ilipata jina lake kutokana na kona zake 57, na uwanda wa Kitulo mnaouendea uko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,600 kutoka usawa wa bahari. Anayepanda huko kwa baiskeli hasumbuliwi sana na swali la yuko wapi. Linalomsumbua ni amekwisha kupanda kiasi gani, amebakiza kiasi gani, na kama maji na nguvu alizonazo vitamfikisha. Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo ningemwomba kaka yako aliulizie ni kama kifaa kina barometa ndani yake. Ramani na rangi ya kioo vinakuja baadaye.

Sababu ni hii. Setilaiti za GPS huzunguka umbali wa kilomita 20,200 hivi juu yetu, na kifaa huhitaji mawimbi ya setilaiti zisizopungua 4 ili kijue kilipo. Mashariki, magharibi, kaskazini na kusini huwa zimetawanyika, hivyo kosa la upande mmoja husahihishwa na upande wa pili. Kwa mwinuko hakuna bahati hiyo, kwani setilaiti zote unazozipokea ziko juu yako na zile za upande wa pili zimefichwa na dunia yenyewe. Ndiyo maana kifaa kinachotegemea setilaiti peke yake hukosea mwinuko zaidi kuliko kinavyokosea mahali, na makosa hayo madogo madogo yakijumlishwa katika safari ya kutwa huweza kuongeza au kupunguza kupanda kwako kwa kiasi cha kukupotosha. Barometa hupima mgandamizo wa hewa, ambao hupungua kadiri unavyopanda, nayo hutambua tofauti ya mita chache tu. Udhaifu wake ni kwamba mgandamizo hubadilika pia hali ya hewa inapogeuka. Kwa hiyo kabla ya kuondoka Chimala kipe kifaa mwinuko sahihi wa mahali mlipo, na mkifika mahali pengine penye mwinuko unaojulikana, kirekebishe tena. Kitundu cha hewa cha barometa kisafishwe kwa brashi laini, kamwe si kwa pini, kwani vumbi la barabara ile likichanganyika na maji hukiziba na namba zikaganda.

Kona nazo zina somo lake. Baadhi ya vifaa, ili kutunza nafasi ya kumbukumbu, havirekodi kila sekunde bali huruka sekunde kadhaa. Ukiteremka kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, kwa sekunde 6 unakuwa umekwenda mita 67 hivi, umbali unaotosha kuimaliza kona nzima. Kifaa kitaunganisha nukta hizo mbili kwa mstari ulionyooka na umbali uliousafiri utapungua. Chagua mpangilio wa kurekodi kila sekunde. Mkiwa mnapanda, tatizo huwa kinyume chake: mwendo ni mdogo mno, pengine mmeshuka na kuisukuma baiskeli, na kifaa kilichowekwa kijisimamishe chenyewe hudhani mmepumzika. Mpangilio huo uuzime kabla ya safari.

Tiba ya yote mawili ni kihisi cha gurudumu, kidude kidogo kinachofungwa kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, na kuhesabu mizunguko. Hiki hakijali kona wala miti. Hakikisha tu kwamba kifaa utakachochagua kinawasiliana nacho, ama kwa Bluetooth ama kwa ANT+ (njia nyingine ya mawasiliano yasiyo ya waya), na mzingo wa gurudumu uupime wewe mwenyewe: tia alama ya chaki kwenye tairi, panda baiskeli ili tairi libonyee kama linavyobonyea safarini, usogee mzunguko mmoja kamili, kisha upime alama hadi alama. Kosa la asilimia 2 katika mzingo hukupotezea kilomita 1 katika kila kilomita 50.

Wenzako wanaosema simu inatosha hawakukosea kabisa. Simu hupokea setilaiti bila bando, na programu kama OsmAnd na Organic Maps hukuwezesha kupakua ramani ya nyanda zetu ungali nyumbani, kisha ukaitumia mahali ambapo mtandao umekatika. Lakini simu iliyofungwa kwenye usukani huku kioo kikiwaka kutwa nzima huishiwa chaji mapema, haisomeki vizuri juani, na kioo chake hakiutii mguso kikiloa. Kuna na jambo la mtikisiko. Mwaka 2021 kampuni ya Apple iliwatahadharisha wateja wake kwamba mtikisiko wa pikipiki zenye injini kubwa unaweza kuharibu kamera za baadhi ya simu zake. Baiskeli haina injini, lakini mimi nisingeifunga simu yangu kwenye usukani katika barabara ya mawe kama ile. Ikae kwenye begi, kioo kimezimwa, iwe ramani yenu na njia ya kuomba msaada.

Na kwa kuwa ramani mtakuwa nayo kwenye simu, ushauri wangu ni kwamba uchukue kifaa kidogo kisicho na ramani, mradi kina barometa, kinapokea kihisi cha gurudumu, na kinakubali kuwekewa faili ya njia ili kikuonyeshe mstari wa kufuata. Watengenezaji kama Garmin wa Marekani, Bryton wa Taiwan na iGPSPORT wa China wanavyo vya aina hiyo. Kile kikubwa kitakufaa siku utakapoanza kuzunguka njia za vijijini usizozijua. Hata hapo, kaka yako ahakikishe kinakubali ramani ya Afrika, kwa sababu kilichonunuliwa Ujerumani aghalabu huwa na ramani ya Ulaya.

Kwa kuwa kimekwisha kutumika, akiwashe nje na kukiacha kikipokea setilaiti hadi betri iishe, ahesabu saa. Atazame pia vishikio vya nyuma vinavyoingia kwenye kifungio cha usukani: vikiwa na ufa, kifaa kitaruka kwenye shimo la kwanza. Mwenye kukiuza afute taarifa zake zote na kukiondoa kwenye akaunti yake. Vitufe ni bora kuliko kioo cha kugusa kwa mtu anayepita Tukuyu, ambako mvua haikawii. Kiwango cha IPX7 maana yake kifaa kinahimili kuzamishwa katika maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30, na hicho kinatosha.

SWALI: Nikiingia kwenye misitu ya misonobari ya Sao Hill, kifaa changu hukaa muda mrefu kikitafuta setilaiti. Je, kinahitaji bando?
Msomaji, Mafinga

JIBU: Hapana. Kifaa hupokea tu, hakitumi chochote kwenye setilaiti. Kinachokuchelewesha ni kukiwasha ukiwa tayari chini ya miti. Kila setilaiti hurudia taarifa za njia yake kila baada ya sekunde 30, na kifaa lazima kizipate zikiwa kamili. Majani, hasa yaliyoloa, huyadhoofisha mawimbi na taarifa hukatika katikati, hivyo kifaa huanza upya. Kiwashe mahali pa wazi, usubiri bila kusogea hadi kikubali, ndipo uingie msituni. Ukinunua kingine, chagua kinachopokea pia mifumo mingine ya setilaiti kama Galileo, GLONASS au BeiDou, maana anga ikizibwa na miti, wingi wa setilaiti ndio unaosaidia.

SWALI: Mwezi wa saba huku kwetu betri huisha haraka. Je, imeharibika?
Msomaji, Njombe

JIBU: Si lazima iwe imeharibika. Baridi hupunguza uwezo wa betri za lithiamu kwa muda, nao hurudi zikipata joto. Ipime tena mwezi wa kumi. Kwa sasa kifaa na pawabenki vilale ndani, na alfajiri usivichaji vikiwa na umande wa baridi; vikaushe na uvisubiri vipate joto la chumba kwanza.