Kupima spiriti ya vitakasa mikono: chukua kipimaji cha kioo

Umeuliza uchukue kipi kupimia nguvu ya spiriti unayotaka iwe ya asilimia 80: kipimaji cha kioo kinachoelea ndani ya spiriti, au rifraktomita, inayopima kwa jinsi mwanga unavyopinda ukipita kwenye spiriti. Chukua kile cha kioo, tena chenye kipimajoto ndani. Rifraktomita ni nzuri mfukoni, lakini ethanoli (pombe iliyomo kwenye spiriti) ikifika karibu asilimia 80 inaanza kuchanganya: kipimo kilekile kinaweza kuwa cha spiriti kali zaidi. Na wewe unalenga 80 hiyohiyo!

Angalia joto. Vipimaji vingi vya kioo vimesanifiwa kwa nyuzi 20. Spiriti ikiwa na nyuzi 30, ile ya 80 itakusomea kama 83, kwa hiyo hakikisha unapata na jedwali la kusahihisha. Soma usawa wa kimiminika, si pale kinapopanda kwenye kioo. Pima kabla ya kutia gliserini, maana ikishaingia kipimo kinadanganya.