Maswali na Majibu: Sera ya Chuo Ikifika Dirishani

Barua nyingi zilizotufikia Malindi safari hii zinahusu vyuo vikuu vya umma vya Kenya. Hizi hapa chache, pamoja na majibu yangu.

Binti yangu amemaliza masomo lakini transkripti hapati, kwa sababu alama za somo moja "hazionekani". Karani amemwambia akitoa kitu kidogo zitatafutwa. Chuo kimebandika ukutani mkataba wa huduma wenye siku za kutoa transkripti. Una faida gani? – Mama, Shela, Lamu

Pole sana, mamangu. Mkataba ule uliandikwa na wakubwa, lakini anayeutekeleza ni mtu mmoja mwenye ufunguo wa kabati la karatasi za mtihani. Pasipokuwa na daftari la kuonyesha mhadhiri aliwasilisha alama lini na nani akazipokea, huwezi kujua kama zimepotea au zimefichwa. Hapo ndipo bei inapopangwa. Na kwa mtu wa Lamu, "njoo kesho" ni gharama kubwa: boti hadi Mokowe, basi, malazi, kisha kurudi mikono mitupu. Karani anajua kwamba hongo yake ni nafuu kuliko nauli ya safari ya pili, na anaitumia njia hiyo ndefu kama silaha. Hilo linaniuma kuliko kiasi anachodai.

Asitoe hata senti. Sheria ya Hongo ya 2016 inamshika mtoaji kama inavyomshika mpokeaji. Aandike barua kwa msajili wa masomo, nakala kwa mkuu wa idara, akitaja somo, tarehe ya mtihani na jina la mhadhiri, na aambatanishe nakala ya kadi ya mtihani. Aombe kuonyeshwa rekodi za alama zake chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari, nayo ya 2016. Ombi linaruhusiwa kuandikwa kwa Kiswahili, na ofisi inatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 21. Nakala anayobaki nayo igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na asiondoke dirishani kabla haujagongwa. Wakikaa kimya, apeleke malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Maneno ya mdomo karani atayakana. Muhuri wa ofisi yake hawezi kuukana.

Mimi ni mvuvi. Mwanangu amewekwa kundi la wenye uwezo katika ufadhili wa chuo. Je, kuna mtu amekula pesa? – Mzee, Ngomeni

Shikamoo mzee. Huenda hakuna aliyekula. Mfumo ulioanzishwa 2023 unagawa ufadhili, mkopo na mchango wa mzazi kwa kupima hali ya nyumbani, na kipato cha mvuvi wakati wa kaskazi si kile cha wakati wa kusi. Ukijaza mapato ya mwezi mzuri, utahesabiwa kuwa na uwezo mwaka mzima. Mfumo wenyewe umevutana mahakamani: Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema unakiuka Katiba, kisha Mahakama ya Rufani ikasimamisha uamuzi huo. Mwanao aombe mwenyewe mtandaoni kupangiwa kundi upya, aeleze misimu ya bahari. Atakayekuambia ana mtu wake Nairobi wa kubadilisha kundi kwa malipo, mfukuze.

Si ufukara tu unaokwamisha sera? Vyuo vina madeni ya mabilioni. – Mwalimu mstaafu, Malindi

Mwalimu, ufukara upo, na si haki kumbebesha karani asiyelipwa kwa wakati lawama zote. Ila kuna namna ya kutofautisha. Ufukara humchelewesha kila mtu sawasawa. Ukiona wawili wamepeleka fomu siku moja, mmoja akapata chumba cha bweni wiki hiyohiyo na mwingine akaambiwa nafasi hakuna, na tofauti yao ni bahasha, hiyo ni rushwa. Mara nyingi vyote viwili hushikana: chumba kimoja kikigombewa na wanafunzi kumi, anayegawa bila orodha iliyo wazi amepata biashara. Ndiyo maana nadai orodha ya ugawaji ibandikwe ubaoni, yenye namba za wanafunzi na sababu ya kila mmoja kupewa. Kuichapisha hakuhitaji bajeti mpya.

Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuhusu kila chuo ziko wazi kwa umma. Wewe una muda na una jicho la kusahihisha. Zisome, uwafafanulie vijana.

Kikundi chetu cha akina mama kilikosa zabuni ya chuo, tukasikia mshindi ni kampuni ya shemeji wa mkubwa. – Mpeketoni

Asilimia 30 ya zabuni za serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na sera hiyo huuawa na kampuni za wengine zinazokodi majina ya watu wa makundi hayo. Harakisheni: rufaa kwa bodi ya mapitio ya zabuni ina siku 14 tu tangu mpate taarifa.

Nafanya kazi katika ofisi ya fedha ya chuo. Nayaona mengi, naogopa kufukuzwa. – Jina limehifadhiwa

Ndugu yangu, hofu yako ina msingi. Sheria ya Hongo inakataza kumwadhibu mtoa taarifa, lakini kisasi hakisubiri sheria. Usimhadithie mwenzako wa ofisini, wala usichukue faili za asili. Andika tarehe, namba ya vocha na kiasi, uweke nyumbani. Tume ya kupambana na ufisadi, EACC, hupokea taarifa mtandaoni bila jina, na ina ofisi hapa Malindi. Taarifa hiyo usiitume kwa kompyuta ya kazini.