Nimelipia besiboli, mbona Cubs haionekani?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Sisi tunaishi Des Moines, Iowa, kijana wangu besiboli imemkolea balaa, na timu yake ni Cubs ya Chicago. Nikamlipia huduma ya kuangalia mechi mtandaoni, nikijua anapata ligi nzima, kumbe akifungua Cubs anaambiwa haipatikani eneo lenu, Cardinals hivyohivyo, Royals nayo hivyohivyo. Chicago yenyewe toka hapa ni kama saa tano kwa gari! Hii imekaaje?
Msomaji, Des Moines

JIBU: Pole sana mama, na mwambie kijana asikate tamaa. Iko hivi, kila timu ya MLB, yaani ligi kuu ya besiboli ya Marekani, ina eneo lake, na mechi zake nyingi ndani ya eneo hilo inawauzia chaneli ya michezo ya hukohuko, sasa mwenye chaneli akishatoa hela yake anataka awe peke yake, ndo maana mtandaoni mnazimiwa. Iowa haina timu hata moja ya ligi kuu ila imeangukia kwenye maeneo ya timu 6: Cubs, White Sox, Cardinals, Royals, Twins na Brewers. Mimi huu nauita uonevu, mtu kalipa halafu anafungiwa timu zote za karibu.

Mbona timu haziachii? Hela, mama. NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, wanauza haki za matangazo ya mechi kwa pamoja wanagawana sawa, ila besiboli ina mechi 162 kwa kila timu na nyingi zinauzwa kivyakevyake, kwa hiyo mji mkubwa unakula mno. Dodgers, timu ya Los Angeles, mwaka 2013 walisaini mkataba wa chaneli ya tivii wa miaka 25 kwa dola bilioni 8.35! Kuna asilimia 48 ya mapato ya kila timu ya eneo lake inaingia mfuko wa pamoja wa timu zote, sawa, lakini pengo halizibiki, na mishahara haina kikomo cha lazima, anayezidi kiwango kilichowekwa analipa kodi tu, basi hela ya tivii ndo inanunua mastaa. Na mashabiki wa Los Angeles wenyewe waliumia, kampuni zingine za tivii ziligoma kuichukua ile chaneli kwa bei iliyotakiwa, watu kibao wakakosa misimu ya mwisho ya mtangazaji wao Vin Scully aliyestaafu 2016, kampuni ya tivii ya DirecTV ilikuja kuiweka 2020.

Sasa hizo hela zilitoka kwa kila aliyelipia kebo, hata asiyejua besiboli ni nini. Watu walipoanza kukata kebo mambo yakaharibika, Machi 2023 Diamond Sports Group, kampuni ya chaneli za michezo iliyokuwa na mikataba ya timu 14, ikakimbilia mahakamani kuomba kinga ya kufilisika, Mei ikashindwa kuwalipa Padres, timu ya San Diego, na timu ambayo ilishapanga mishahara kwa hesabu ya hela hiyo unadhani inafanyaje?

Ila kwa shabiki ilikuwa nafuu kubwa, maana ligi iliwachukua Padres ikaanza kuwauzia watu wa San Diego mechi mtandaoni kwa dola 19.99 kwa mwezi bila kufungiwa, na Twins nao waliingia utaratibu huo 2025. Kamishna wa MLB, Rob Manfred, anataka baada ya msimu wa 2028 ligi iuze mechi za timu zote kwa pamoja, naunga mkono kabisa, japo wenye mikataba minono watabisha tu.

Kwa sasa kabla hujalipa tena, ingiza zip kodi yako (namba ya posta ya eneo lako) kwenye ukurasa wa huduma hiyo uone timu zinazofungiwa, halafu ulizia kama timu ya kijana inauza mechi zake yenyewe kwa watu wa Iowa.