Kabla hujalipia programu yako iwekwe kwenye saraka 500

Mkuu, umesema umetengeneza programu ya mauzo na stoo kwa maduka ya jumla, na kuna mtu anataka umlipe aiingize kwenye saraka 500 za programu duniani kote, yaani tovuti zinazoorodhesha programu. Jibu langu ni kwamba usimlipe. Lakini usizitupe saraka zote pia, kwa sababu zipo chache zilizoniletea wateja wa kweli. Mimi nauza programu ya maduka ya dawa, ya kufuatilia stoo na tarehe za dawa kuisha muda, kwa hiyo wateja wangu na wako hawapishani sana.

Hiyo biashara ya saraka 500 ina historia. Enzi za programu za kupakua na kujaribu kabla ya kununua, chama cha watengenezaji wake kilichoitwa Association of Shareware Professionals kilibuni faili la PAD, mwaka 1998. Unajaza mara moja jina, toleo, bei na maelezo, kisha tovuti zote zinalisoma faili hilo zenyewe. Lilikuwa wazo zuri na liliokoa kazi nyingi. Tatizo ni kwamba zikazuka tovuti zisizo na binadamu ndani, zinazokusanya mafaili hayo ili zipate matangazo. Mwaka 2007 Mwingereza mmoja, Andy Brice, anayeuza programu ya kupanga meza za wageni kwenye harusi, alizijaribu. Alichukua faili la maandishi, akaliita kwa jina kama la programu, akalituma kwenye tovuti hizo. Halikuwa na uwezo wa kufanya chochote, na hilo lilielezwa wazi. Baadhi ya tovuti zilimtumia tuzo za nyota tano. Ukitembelea leo nyingi ya hizo 500 utakuta hali ni ileile.

Huyo jamaa atakuambia kwamba faida iko kwenye linki, eti Google ikiona linki nyingi itakupandisha. Mwaka 2012 Google ilileta badiliko lililoitwa Penguin, lililolenga hasa tovuti zinazojipandisha kwa linki za kutengenezwa. Na sera yake ya linki taka inataja kwa jina linki za saraka zisizo na ubora. Kwa hiyo hata ile faida anayokuuzia haipo, na mwenye duka la Kariakoo au Gikomba hatafungua saraka hizo kamwe.

Swali la kujiuliza kwa kila saraka ni moja: mnunuzi wangu, siku anayotafuta programu, anapita hapa?

Kwa wateja wetu, pa kwanza ni Play Store. Watu wengi hawaihesabu kama saraka, lakini ndiyo saraka kubwa ambayo mteja wetu anayo mkononi tayari. Usajili ni dola 25 mara moja tu. Ukifungua akaunti binafsi mpya sasa hivi, utatakiwa kwanza uwe na wajaribu wasiopungua 12 watakaokaa na programu siku 14 mfululizo. Usiichukulie hatua hiyo kama usumbufu. Wachukue wajaribu hao kwenye maduka halisi, wauza duka wenyewe, siyo marafiki zako wa chuo. Hao ndio watakaokuambia kwamba kitufe cha kurudisha mzigo hakionekani juani.

Jina la programu pale lina kikomo cha herufi 30, nafasi zikihesabiwa, na maelezo mafupi kikomo cha herufi 80. Hapo ndipo pa kutumia akili yako yote. Jina zuri la kubuni peke yake halitafutwi na mtu. Weka jina lako, kisha neno analoandika mteja. Niliwauliza wateja wangu waliandika nini walipokuwa wakitafuta, na majibu yao yalikuwa "programu ya duka", "kuhesabu stoo", "daftari la madeni". Hakuna aliyesema "mfumo wa kielektroniki wa usimamizi wa rasilimali". Maneno ya wateja hao ndiyo yaliyoingia kwenye maelezo mafupi. Usiandike "bora" wala "namba moja" kwenye jina, sera ya Google inakataza.

Picha za skrini ziwe na bei za shilingi na bidhaa anazozijua: Panadol, sukari kilo 50, mafuta ya kupikia. Nimeona programu nzuri za vijana wetu zikiwa na picha zilizojaa dola na majina ya bidhaa za Ulaya. Mwenye duka anaangalia sekunde chache, anaamua hii siyo yake, anaondoka. Hilo linaniuma kwa sababu kazi ya miezi inapotea kwenye picha.

Kuhusu maoni ya watumiaji: usinunue hata moja. Play Store inakataza nyota za kulipwa, na Marekani tangu Oktoba 2024 kuna kanuni ya FTC, tume yao ya biashara inayolinda walaji, inayotoza faini kwa maoni ya uongo. Ukiacha sheria, maoni ya kununua yanajulikana tu; yote yanasema "programu nzuri sana" na hakuna hata moja linalotaja printa. Mteja wangu mmoja wa Morogoro aliweka nyota moja akilalamika kwamba printa yake ndogo ya bluetooth ya milimita 58 inakata majina ya dawa. Nilimjibu palepale hadharani, nikarekebisha, nikamwandikia tena toleo lilipotoka. Akabadilisha nyota mwenyewe. Wateja kadhaa waliokuja baadaye waliniambia waliyasoma majibizano hayo kabla ya kunipigia simu. Omba maoni siku mteja amefurahi, kwa mfano amefunga hesabu za mwezi na zimelingana. Usiombe siku ya kumfungia programu.

Sasa Capterra na G2, tovuti za kulinganisha programu za biashara, kwa sababu naona umezitaja. Capterra iko kundi moja na GetApp na Software Advice, na kuingia bure kunawezekana. Wanaolipa wanalipia kila mbofyo ili wakae juu. Usiingie kwenye mnada huo. Utashindana na kampuni za Marekani zenye mifuko isiyo na mwisho, kwa mibofyo ya watu wasiojua hata EFD, mashine ya risiti za kodi, ni nini. Ila ukurasa wa bure ujaze vizuri, kwa sababu kuna aina moja ya mnunuzi anayeutafuta: afisa manunuzi wa shirika. Shirika la afya likitaka programu ya stoo ya dawa kwa zahanati zake, afisa huyo anatakiwa aonyeshe amelinganisha bidhaa kadhaa, na jina lako likikutwa mahali penye heshima anakuwa na cha kuambatanisha. Nimepata wateja wa namna hiyo, wachache lakini wakubwa. Ugumu uko kwenye maoni: tovuti hizi huthibitisha anayeandika kwa LinkedIn au barua pepe ya kazi, na mwenye duka wetu ana Gmail aliyofunguliwa na fundi simu, nywila hana. Waombe hao wa mashirika.

Product Hunt, tovuti ambako programu mpya hutambulishwa na kushindanishwa kila siku, ni kwa ajili ya programu zinazolenga watengenezaji wenzetu na wapenda teknolojia. Siku yao inaanza saa sita usiku na dakika moja kwa saa za California, yaani saa 4 asubuhi kwetu, au saa 5 wakati wa baridi yao. Kwa programu ya duka la jumla, pita.

Ukurasa wa biashara kwenye Google Maps usiukose, ni bure, mradi unakutana na wateja ana kwa ana. Anayetafuta "programu ya duka" akiwa Mwanza anataka mtu atakayeweza kumfuata.

Orodha iliyonisaidia kuliko zote haina nyota wala picha. TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, ina orodha ya wasambazaji walioidhinishwa wa mashine za EFD. Kenya, mamlaka ya mapato KRA ina orodha ya kampuni zilizothibitishwa kuunganisha mifumo ya biashara na eTIMS, mfumo wake wa ankara za kodi. Mfanyabiashara anazisoma orodha hizo kwa sababu analazimika, akiwa na hela mkononi na hofu ya faini. Kuingia mwenyewe ni safari ndefu ya makaratasi na majaribio, kwa hiyo mimi niliunganisha programu yangu na msambazaji aliyekwisha kuidhinishwa. Fundi wake akienda kufunga mashine dukani, anaulizwa "na stoo je?", naye ananitaja. Kwa programu yako ya maduka ya jumla ningeanza kuzungumza na mmoja wao wiki hii.

Jambo la kiufundi linalosahaulika ni kujua nani ametoka wapi. Wateja wetu hawajazi fomu, wanatuma WhatsApp. Linki ya wa.me inakuruhusu kuweka ujumbe ulioandikwa tayari, kwa hiyo kila saraka ipe linki yenye ujumbe wake: "Habari, nimeona programu yenu Capterra", "Habari, nimewaona Google Maps". Mteja anabofya na kutuma, wewe unajua. Weka pia daftari moja la kurasa zako zote, ili ukibadilisha bei au namba ya simu uzipitie zote siku hiyohiyo. Bei ya zamani iliyobaki mahali inaleta ubishi na mteja ambaye kwa haki kabisa anakuonyesha alichokisoma.

Hela uliyotaka kumpa huyo jamaa, mpe kijana anayejua kurekodi video akuchukulie ya dakika moja ndani ya duka halisi, foleni ikiwepo. Na ukiwa tayari, weka hapa jina na yale maelezo ya herufi 80, tuyapitie pamoja kabla hujachapisha.